Kikaratasi Nilichomwandikia Mtoto wa Chumvi

Iko siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, siku niliyotamani nisingekuwa najua kuandika kabisa. Nimeikumbuka tena juzi kwa sababu yako. Ulinitumia picha kwenye simu, kinyago cha mpingo ulichokiona kwenye maonyesho, na chini yake ukaandika, "Bibi, hiki kinamaanisha nini? Nataka kuwapa wanafunzi." Hukusubiri hata nivae miwani, ukatuma na swali lako la mtihani: hadithi ya kinyago hiki inatufundisha nini, alama tano. Nilicheka peke yangu jikoni. Sikukujibu, maana jibu langu haliingii kwenye simu, na vidole vyangu hivi vinabonyeza herufi tatu kwa mpigo.

Leo umekuja mwenyewe kutoka Mtawanya, na sukari umeleta, Mungu akuzidishie. Kaa kwenye mkeka. Usinitolee daftari, sipendi mtu anayeandika huku ninasema.

Nilikuwa na miaka ishirini kasoro. Nilikuwa nimemaliza shule, na kwetu Kilambo wakati ule msichana aliyemaliza shule alipita njiani watu wakageuka. Basi na mimi kichwa kikavimba. Nilizungumza Kiswahili cha redioni hata na kuku. Mama yangu, yule bibi yako mkubwa uliyemkuta kwenye picha tu, alikuwa akinitazama na kutabasamu, haniambii kitu.

Mjomba Selemani, kaka yake mama, ndiye aliyenitafutia kazi. Unajua kwetu sisi Wamakonde mjomba ana neno kubwa juu ya watoto wa dada yake, na yeye alisema mtoto huyu asioze kijijini, aje mjini. Alikuwa mchongaji. Yeye na wenzake walikuwa na duka la vinyago pale Chikongola, chumba kimoja mbele, na nyuma uwanja wa kuchongea. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kufuta vumbi kwenye vinyago na kuhudumia wateja. Si kazi ngumu. Tatizo ni kwamba mtu mwenye kiherehere ukimpa kazi nyepesi, atajitafutia nyingine ya kuongezea.

Nikusimulie kwanza alivyokuwa akichonga Mjomba, maana usipomwona yeye hutaelewa kosa langu. Gogo la mpingo likiletwa, hakuligusa kwa tezo. Aliliweka uwanjani, akaendelea na shughuli nyingine, na kila akipita analitazama lile gogo kama mtu anayemtazama mgeni asiyemjua vizuri. Siku tatu, siku nne. Wengine walikwisha anza kupiga. Yeye anazungusha gogo, anapapasa ufa, ananusa. Hakuchora mstari hata mmoja juu ya mti. Siku akiamua, anakaa chini, gogo analibana kwa nyayo za miguu, na tezo inaanza. Akianza haulizi mtu. Nimeona wasanii wengi tangu hapo, wenye vyeti na wasio na vyeti, na sijaona mikono iliyojua inakokwenda kama ile. Nilimpenda mjomba wangu, nakwambia wazi, na nilijivunia kuitwa mtoto wa dada yake.

Lakini kulikuwa na jambo lake moja lililoniudhi. Mteja akiingia, akashika kinyago, akauliza, "Mzee, hii ni nini?" Mjomba alijibu, "Wewe unaona nini?" Wote walikuwa hivyo, wachongaji wote wale. Mteja anajikanyagakanyaga, anacheka, anasema labda ni jini, labda ni mama na mtoto. Mjomba anaitikia kwa kichwa, "Ehe," na anarudi uwanjani. Mimi nikaona aibu. Nikaona hawa wazee hawajui kujieleza kwa sababu hawakusoma, na mwenye elimu humu ndani ni mimi. Nikanunua karatasi ngumu, nikakata vipande vidogo, nikaandika kwa herufi kubwa za kunyooka. Watu wamebebana mabegani: "Umoja." Mtu mwenye mdomo wazi na tumbo kubwa: "Madhara ya ulevi." Mwanamke na mtungi: "Bidii ya kazi." Kila kinyago nikakipa kikaratasi chake mbele.

Wateja walifurahi kweli. Wakiingia, wanasoma karatasi, wanatupa jicho kwenye kinyago, wanasema "aa, umoja," wanasogea kwa kingine. Sikuona kwamba wanatazama karatasi kuliko mti. Niliona maendeleo tu. Wachongaji nao hawakunikataza. Mmoja alisema, "Mwache, anafanyia mazoezi shule yake," na wenzake wakacheka.

Basi masika yale Mjomba akachonga kinyago kimoja, akakaa nacho muda mrefu kuliko vyote nilivyomwona akichonga. Kilikuwa mwanamke aliyelala nusu, ameegemea, macho amefumba, na bakuli liko mdomoni pake. Mikono yake mwenyewe imelegea ubavuni. Lakini chini ya bakuli kulikuwa na mikono miwili mingine, midogo, inalinyanyua. Mikono mitupu, haina mabega wala mwili. Inatokea kwenye mti tu, inashika bakuli.

Nilikitambua mara moja. Kilikuwa hadithi ya mama. Hadithi ya mtoto wa chumvi, aliyoirithi kwa mama yake ng'ambo ya Ruvuma, na sisi tuliisikia tangu tukiwa tunanyonya. Wewe hukuwahi kuisikia kwake, basi nitakupa mifupa yake, nyama alikuwa nayo yeye.

Palikuwa na mwanamke mpika chumvi, hana mtoto. Maji yakipwa anakwenda kukusanya udongo wa chumvi, anauchuja, anauchemsha chunguni mpaka maji yaishe ibaki chumvi. Siku moja akainamisha chungu, chumvi haikumwagika. Ilisimama. Ina kichwa, ina mikono, ikamwita mama. Akafurahi, akamlea, akamkataza jambo moja tu, asiguse maji. Wakaishi vizuri. Mwaka mmoja mama akashikwa na homa, midomo ikampasuka kwa kiu, na majirani wote wako mashambani. Mtoto akachukua bakuli akaenda kisimani. Njia nzima ya kurudi maji yanamchuruzikia, na yeye anapungua. Alipofika kitandani ilikuwa imebaki mikono. Mikono ikanyanyua bakuli mpaka mdomoni. Mama akanywa, akasikia maji yana chumvi, akajua. Akanywa yote.

Mama yangu alikuwa akiimaliza hapo. "Akanywa yote," anasema, halafu anainuka kwenda kufunga banda la kuku. Hakusema neno lingine. Sisi tunabaki tunatazamana.

Sasa mimi, msomi wa Kilambo, nilikwisha jua dawa ya hadithi kama hiyo. Shuleni tulifundishwa kila hadithi ina funzo lake, na ukilipata unapewa vema. Nikachukua karatasi, nikaandika hivi, na maneno yenyewe sijayasahau: "Mtoto wa chumvi. Alikatazwa maji na mama yake, akakaidi, akaangamia. Inafundisha watoto kuwatii wazazi." Nikaisoma mara mbili nikaona imekaa. Nikaiegemeza kwenye kinyago, nikaenda kupika chai.

Siku ya pili yake mama akaja mjini. Hakuwa mtu wa kuja mjini, lakini alisikia kaka yake amechonga hadithi ya mama yao, akavaa kanga mpya akapanda gari. Nilimpokea mlangoni, nikamwamkia, nikamwingiza ndani kwa maringo kama duka langu. Mjomba hakuwepo, alikuwa ameenda kutazama magogo.

Mama alikuwa amejifunza kusoma mwaka ule ule, kwenye darasa la watu wazima. Ungemwona ungelia kwa furaha. Alisoma kila kitu kilichokuwa na herufi, mifuko ya sukari, mabango, makopo ya mafuta. Kwake yeye neno lililoandikwa lilikuwa na uzito mwingine kabisa. La mdomoni linaweza kuwa mzaha, lililoandikwa limepimwa. Na mwandishi akiwa binti yake aliyemaliza shule, basi ndiyo kabisa.

Akasimama mbele ya kinyago. Alikitazama kwa muda, akanyoosha mkono akagusa ile mikono midogo. Halafu akaona karatasi. Akaishika, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akaanza kusoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kama walivyofundishwa. "Mto-to wa chu-mvi. A-li-ka-ta-zwa." Mimi nimesimama pembeni natabasamu, najivuna kwamba mama yangu anasoma mwandiko wangu. "A-ka-ka-i-di." Hapo akasimama. Akarudia lile neno, safari hii bila kulikata. "Akakaidi." Akaendelea mpaka mwisho. Akairudisha karatasi mahali pake, akainyoosha isipinde.

"Umeandika vizuri," akaniambia. "Herufi zako zimenyooka."

Hakunywa chai. Alisema gari la kurudi litamwacha. Nilimsindikiza mpaka barabarani na sikuelewa kitu, mwanangu, sikuelewa hata chembe. Nilidhani amechoka na safari.

Alasiri Mjomba akarudi. Nikamwambia dada yake alikuja akaondoka. Akaniuliza amekiona kinyago, nikasema amekiona, tena amesoma na karatasi mwenyewe bila kusaidiwa. Akatazama ile karatasi. Yeye kusoma hakujua. Akanipa akasema, "Nisomee."

Nikamsomea. Nilipomaliza alikaa juu ya gogo, akavua kofia, akaishika magotini. Nilitegemea anisifu.

"Umeitazama hii kazi?" akaniuliza.

"Nimeitazama, Mjomba."

"Hujaitazama. Chukua msasa, ukae hapa, upige ile mikono midogo. Mpaka nikwambie basi."

Nikachukua kipande cha msasa nikakaa. Nilipiga tangu alasiri mpaka jua likapungua. Ukipiga msasa kitu kidogo namna ile huwezi kukipita haraka, lazima ufuate kila kidole, kila kucha, mpaka katikati ya vidole. Na hapo, kwenye mkono wa kushoto, nikakuta kidole cha mwisho kimepinda kwa ndani. Nikadhani tezo iliteleza. Nikataka kumwambia Mjomba nikinyooshe kwa tupa. Halafu nikakumbuka mkono wenye kidole kama hicho, na msasa ukanidondoka.

Nilikuwa na dada, Zaituni, mkubwa kwangu kwa miaka mingi. Alifariki mimi nikiwa mdogo sana, wakati huo nimepelekwa kwa muda kwa shangazi huku mjini. Niliambiwa ni kichomi, nami nikaishi na neno hilo moja, kichomi, bila kuuliza zaidi. Kidole chake cha mwisho kilikuwa kimepinda, nilikuwa nikikishika akinibeba.

Ndipo Mjomba akaniambia. Mwaka aliofariki Zaituni, mama aliugua homa kali, hawezi kuinuka. Dawa aliyoiamini ilikuwa kwa mama yake, ng'ambo ya mto, na Ruvuma ilikuwa imefurika. Mama alimwambia Zaituni waziwazi, usivuke, nife mimi lakini usivuke. Zaituni akavuka. Alinyeshewa kwenda na kurudi, akafika na dawa, akamnyanyua mama kichwa akamnywesha kwa mikono yake. Mama akapona. Zaituni akalala na kifua, na wiki haikuisha.

"Tangu hapo mama yako anasimulia hadithi ile kuliko zote," Mjomba akasema. "Hajawahi kumwambia mtu inafundisha nini. Mimi ni kaka yake na sijawahi kumwuliza. Nimechonga mikono tu, kwa sababu hiyo ndiyo niliyoweza. Na wewe umemwandikia kwamba mwanawe aliangamia kwa ukaidi. Umemwandikia kwa herufi kubwa."

Hakunipiga, hakunifokea. Afadhali angenipiga. Nililia pale uwanjani mpaka wachongaji wengine wakahama na magogo yao kunipisha.

Siku iliyofuata nilichana vikaratasi vyote, nikaomba ruhusa nikaenda Kilambo. Nilimkuta mama anamenya mihogo. Nikapiga magoti nikamwomba msamaha, nikamwambia sikujua. Akanivuta nikae, akanipa kisu nimsaidie.

"Sijakukasirikia," akasema. "Umesoma. Miaka yote hii nimekuwa najiuliza. Kuna siku nasema mwanangu alinipenda akafa kwa kunipenda. Kuna siku nasema alinivunjia neno langu, na Mungu hakupenda. Nilikuwa siijui ni ipi. Basi karatasi imenijibu."

Nikamwambia karatasi ile ni upuuzi wangu, nimekwisha ichana. Akatikisa kichwa. "Kilichoandikwa kimeandikwa, hata ukichana."

Watoto wa jirani walikuja baada ya chakula cha jioni, kama kawaida yao, wakakaa mlangoni wakaita, "Bibi, hadithi." Mama akawaambia hadithi zimekwisha, nendeni mkalale. Wakacheka, wakadhani anatania. Siku ya pili akawaambia hivyo hivyo. Siku ya tatu hawakuja. Nilimbembeleza, anisimulie hata mimi peke yangu. Akanijibu: "Hadithi ukishasema ilikuwa inafundisha nini, imebaki nini ya kusimulia?"

Unaelewa kilichokuwa kimetokea? Mama aliweza kuubeba msiba wake miaka yote kwa sababu hadithi ile ilikuwa wazi. Kuna siku aliingia akakuta upendo, kuna siku akakuta kosa, na kesho yake anaweza kuingia tena. Mimi nilikuja nikapiga komeo. Nikamfungia ndani na lile neno baya kuliko yote. Nilikaa pale kwa wiki mbili nikimtazama anafifia, anamenya mihogo, anaswali, analala, na niliogopa, mwanangu, niliogopa kwamba nimemuua mama yangu kwa kalamu.

Mjomba alifika siku ya Ijumaa, amebeba kinyago kwenye gunia la korosho. Alikikatalia wateja. Akakitoa, akakiweka barazani, juu ya kinu kilichopinduliwa, akasema kwa dada yake, "Hiki si cha duka." Halafu akakaa zake na kahawa.

Watu waliotoka msikitini wakapita. Kijijini kitu kipya barazani hakipitwi. Akaja mama mmoja mpika chumvi, akasimama akasema, "Hii mikono inajua kushika bakuli la moto, tazama vidole havikugusa ukingo." Akaja mzee mmoja aliyepata kupooza akapona nusu. Yeye alikitazama sana, ameegemea fimbo yake. "Hii ni mikono ya marehemu mke wangu," akasema. "Mwaka mzima nilikuwa nakiona kijiko na mikono, uso wake nashindwa kuugeukia." Akaja binti mwenye mimba, akacheka, akasema mtoto wake aliye tumboni anamlisha hivyo hivyo, mtoto ananyanyua bakuli, yeye anakula. Akaja mwanamume mmoja mwenye haraka akasema watoto wa siku hizi hawasikii, akaenda zake. Hakuna aliyembishia.

Mama alikuwa amekaa kwenye kizingiti. Nilimwona anawafuata mmoja mmoja kwa macho. Huyu anaondoka na lake, yule na lake, na kinyago kiko pale pale, hakijapungua. Mzee wa fimbo alipoondoka mama alinyanyuka, akaenda akashika kile kidole kilichopinda. Alikishika kama unavyomshika mtoto barabarani.

Jioni ile mwenyewe ndiye aliyewaita watoto. "Hadithi," akasema, na sauti yake ilikuwa kavu kidogo. "Hadithi njoo," wakajibu wote, hawakuamini bahati yao. Akasimulia mtoto wa chumvi, tangu udongo mpaka chungu, tangu chungu mpaka homa. Nilikuwa nimeisikia mara mia na nilisikiliza kama sijawahi. Akafika mwisho. Akanywa yote.

Nilidhani atainuka kwenda kwenye banda la kuku. Msichana mmoja, mwenye mapengo mawili ya mbele, akamwahi. "Bibi, yule mtoto alikosea?"

Mjomba akaweka kikombe chini. Mama akasema, "Mngemwuliza yule aliyekunywa."

"Aliyekunywa anasemaje?"

"Anasema asante, mwanangu. Kila siku anasema asante. Na kila siku anasema, ungekaa nyumbani."

Yule msichana akafikiri, akauliza, "Sasa anasema lipi?"

"Yote mawili," mama akamjibu. "Kwa mdomo huo huo mmoja." Akalia, mbele ya watoto, bila kujificha, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona analia tangu nizaliwe. Halafu akajifuta na upindo wa kanga akawaambia waende kwao. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akaisimulia tena na tena, na sikumsikia tena akitafuta ni ipi.

Sasa nakujibu, mwanangu, na hili ndilo uende nalo. Ukimpa mtoto hadithi, au ukamweka mbele ya kazi ya mkono wa mtu, usimtangulie mlangoni. Mwache atazame. Mimi niliona mikono minne kwenye mti ule na sikujiuliza miwili ni ya nani, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kupata funzo. Mfundishe kuhesabu mikono kwanza. Sikwambii kila jibu ni sawa. Yule mwanamume wa haraka alisema alilosema, na hakuwa ametazama. Lakini mtu aliyetazama kweli, akakwambia anaona mke wake, usimwambie amekosa kwa sababu kitabu chako kimeandika mtoto mkaidi.

Na ukumbuke humjui anayekusikiliza. Darasani kwako yumo ambaye hadithi unayoipa alama tano ndiyo inayomshikilia asianguke. Hatakwambia. Atakusifu mwandiko, ataondoka. Kwa hiyo mpe nafasi. Waheshimu waliochonga na waliosimulia, maana walijua mengi kuliko waliyoyasema, na kunyamaza kwao kulikuwa adabu, tena ujuzi mkubwa kuliko wangu wa kusoma. Mimi niliwadharau, na ndio walionirudishia mama yangu.

Sogea nikushike kichwa. Mwenyezi Mungu akupe macho yasiyochoka kutazama. Akupe ulimi unaojua kungoja. Na siku mtoto atakapokuuliza jambo ambalo lina majibu mawili na yote yanauma, akupe moyo wa mama yangu, umpe yote mawili, usimpunguzie hata moja. Amina.